Unataka kwenda majuu? Anza na ulicho nacho mkononi, si nchi unayoitamani

UKIPITIA TikTok jioni moja tu, utakutana na video tano za namna ya kwenda majuu. Mmoja anakuambia Ujerumani inabeba watu kama matatu ya saa mbili usiku, bora uwe na nauli. Mwingine anasema amebakisha nafasi mbili za Kanada, wahi mapema. Wa tatu anauza "visa ya biashara" ya Uingereza kwa bei ya Probox. Na kule chini kwenye maoni, karibu kila mtu anauliza swali lile lile: "Ni pesa ngapi?"

Hilo ndilo swali linalowatia vijana wengi hasara. Ukianza kwa kuuliza bei, hutakosa mtu wa kukutajia bei. Lakini hakuna nchi hata moja kati ya hizo inayouza visa ya kazi kama tiketi ya basi. Kila visa imeandikiwa mtu wa aina fulani: mwenye mwajiri, mwenye cheti na lugha, mwenye nafasi ya mafunzo, au mwenye biashara na mtaji. Kama wewe si mtu huyo leo, hakuna ajenti atakayekugeuza kuwa yeye kwa Sh300,000. Na kama ndiwe, sehemu kubwa ya kazi unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na simu, bando na subira.

Kwa hivyo tugeuze swali. Badala ya "ni nchi gani inachukua watu?", jiulize, "mimi niko na nini mkononi?"

Mkataba si visa

Tuseme ukweli, ndoto yenyewe haina ubaya. Mwaka wa 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya. Hizo ni karo zilizolipwa, bili za hospitali zilizofutwa na nyumba za wazazi zilizoezekwa upya. Mtu akikwambia uache kuota, muulize kwanza kama ana kazi ya kukupa.

Shida huanza pale habari ya serikali inapogeuzwa kuwa tangazo la biashara. Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba kuhusu uhamiaji na wafanyakazi wenye ujuzi mjini Berlin, wakati wa ziara ya Rais William Ruto. Mara habari zikasambaa kwamba Ujerumani ingechukua Wakenya 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilijitokeza ikasema habari hizo si za kweli. Mkataba hautaji idadi yoyote, na kila anayeomba lazima atimize masharti ya sheria za Ujerumani. Lakini uongo ulikuwa umeshapanda boda, na nambari tamu kama hiyo ni chambo tosha kwa tapeli.

Mkataba ni mazungumzo kati ya serikali mbili. Visa ni kati yako na ubalozi, na ubalozi husoma makaratasi yako wewe, si picha ya rais akisalimiana na mwenzake.

Ukiwa na mwajiri

Njia iliyozoeleka zaidi ni ya mtu aliyepata kazi kabla hajasafiri. Huku si kupewa ahadi ya kazi kwenye WhatsApp. Ni mkataba wa kazi, wenye jina la kampuni, cheo na mshahara.

Uingereza ina visa iitwayo Skilled Worker. Ili uipate, mwajiri lazima awe na leseni ya serikali ya kudhamini wageni, naye akupe cheti cha udhamini. Julai 22, 2025 masharti yalikazwa. Kwa kawaida kazi sasa lazima iwe ya kiwango cha digrii, na mshahara usipungue pauni 41,700 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya Sh7 milioni. Wauguzi, madaktari na wahudumu wengine wa afya wana visa yao yenye viwango tofauti vya mshahara. Kuanzia Januari 2026, wanaoomba Skilled Worker kwa mara ya kwanza wanatakiwa pia kuwa na Kiingereza cha kiwango cha B2.

Siku hiyo hiyo ya Julai 22, Uingereza ilifunga mlango wa kuajiri watunzaji wa wazee na wagonjwa kutoka nje. Soma sentensi hiyo mara mbili. Anayekuuzia leo "kazi ya kutunza wazee UK, safari baada ya wiki sita" anakuuzia mlango uliopigwa kufuli.

Na hata mlango huo ulipokuwa wazi, wengi waliumia. Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba tangu 2022 ilikuwa imepokonya leseni za udhamini zaidi ya 470 katika sekta ya utunzaji, na zaidi ya wafanyakazi 39,000 walikuwa na uhusiano na kampuni hizo. Mdhamini wako akipoteza leseni, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Hebu fikiria ng'ombe wameshauzwa, chama kimeshakopwa, nawe una miezi minne tu tangu uingie, kisha barua hiyo inafika.

Dawa yake ni ya bure. Orodha ya waajiri wote wenye leseni iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza na husasishwa mara kwa mara. Tafuta jina la kampuni kabla ya kulipa hata shilingi. Ukilipata, usitosheke. Itafute kampuni yenyewe na uwasiliane nayo kupitia tovuti yake, si kupitia nambari uliyopewa na ajenti. Tena, tangu mwisho wa 2024, mwajiri wa Skilled Worker haruhusiwi kukutoza wewe gharama ya kutoa cheti cha udhamini. Ukiambiwa ulipie cheti hicho, jua kuna mtu anakula mahali.

Kwa wauguzi kuna funzo jingine. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilikubaliana kuhusu wauguzi Wakenya kwenda kufanya kazi huko. Miezi michache baadaye, aliyekuwa Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisema kuwa kati ya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliopita. Hawa ni watu waliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi! Baraza la wauguzi la Uingereza hudai alama 7 katika IELTS kwa kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwa kuandika. Mtihani ule una mbinu zake, na dakika zake hazikungoji. Kabla ya kulipia mtihani wenyewe, fanya ile ya majaribio nyumbani, saa mkononi, hadi alama zitulie.

Ujerumani nayo ina Blue Card ya Ulaya kwa mwenye digrii na mkataba wa kazi. Mwaka wa 2025 mshahara wa chini ulikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na takriban euro 43,760 kwa kazi zenye uhaba wa watu, kama vile teknolojia ya habari, uhandisi na udaktari. Utamu wa kadi hii ni kwamba unaweza kuomba ukaaji wa kudumu baada ya miezi 27, au miezi 21 ukifikisha Kijerumani cha B1.

Na Marekani? H-1B ni visa ya bahati nasibu. Nafasi ni 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na mwajiri ndiye anayeomba, si wewe. Septemba 2025 Rais Donald Trump aliongeza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani. Hizo ni kama Sh13 milioni. Ni waajiri wachache wataitoa pesa hiyo kwa kijana wa miaka miwili kazini. Muuguzi ana njia tofauti Marekani, ile ya kufaulu mtihani wa NCLEX kisha kuombewa ukaaji wa kudumu na hospitali, lakini foleni yake inaweza kuchukua miaka.

Ukiwa na pointi

Huna mwajiri lakini una cheti, uzoefu na lugha? Kuna nchi zinazokuhesabia alama.

Kanada imekuwa ikitumia mfumo wa Express Entry tangu Januari 2015. Katika kundi la wafanyakazi wenye ujuzi walio nje ya nchi hiyo, unahitaji angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi, mtihani wa lugha, na ripoti inayolinganisha masomo yako na ya Kanada. Kwanza ufikishe alama 67 kati ya 100. Ukipita hapo unaingizwa kwenye kapu la pamoja, ambako unapangwa kwa alama nyingine zinazofika 1,200, kisha serikali inaita wa juu. Umri hukupa alama nyingi zaidi ukiwa kati ya miaka 20 na 29. Baada ya hapo zinaanza kupungua.

Hapa kuna siri ambayo maajenti wengi hawaipendi kwa sababu hawawezi kuiuza: Kifaransa. Tangu 2023 Kanada huita kwa awamu maalumu watu wanaojua Kifaransa vizuri. Machi 2025 awamu moja ya Kifaransa ilishuka hadi alama 379, wakati awamu za waliofanya kazi ndani ya Kanada zilikuwa zikidai zaidi ya 500. Ulisoma Kifaransa sekondari ukakiacha baada ya KCSE? Pengine kile ndicho cheti chako cha thamani zaidi. Ila si Kifaransa cha "bonjour, ça va". Lazima upite kiwango cha juu katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza.

Ujerumani ilileta Chancenkarte, yaani Kadi ya Fursa, Juni 1, 2024. Hii hukuruhusu kuingia nchini humo hadi mwaka mmoja kutafuta kazi, huku ukifanya kibarua cha saa 20 kwa wiki. Sharti la kwanza ni digrii, au mafunzo ya kazi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea. La pili ni Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Kisha unatafuta alama sita.

Tufanye hesabu. Chukua mhasibu wa Nairobi mwenye miaka 28, digrii inayotambuliwa Kenya na miaka miwili ya kazi. Kuwa chini ya miaka 35 kunampa alama mbili. Uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, alama mbili. Cheti cha Kiingereza cha C1, alama moja. Jumla ni tano. Amebaki nje kwa alama moja! Akisoma Kijerumani hadi A2 anapata ile ya sita. Akifika B1 anapata mbili, na B2 inampa tatu. Mwenzake aliyesomea kompyuta hupata alama moja ya ziada kwa sababu fani yake iko kwenye orodha ya uhaba.

Lakini shika hili: kadi hukupa fursa ya kutafuta kazi, haikupi kazi. Mhasibu asiyejua Kijerumani ataajiriwa na nani kule, ilhali sheria za kodi na vitabu vyote vya hesabu viko kwa Kijerumani? A2 inakufikisha uwanja wa ndege. B2 ndiyo inakufikisha ofisini.

Ukiwa na KCSE na miaka mbele yako

Kama umemaliza Kidato cha Nne na huna digrii, usikate tamaa, na usikubali kuambiwa kwamba njia yako ni ya Ghuba peke yake. Ujerumani ina mafunzo ya kazi yanayoitwa Ausbildung. Unasoma darasani huku unafanya kazi kwenye kampuni au hospitali, na unalipwa. Huchukua miaka miwili hadi mitatu na nusu. Uuguzi ni miaka mitatu, na katika hospitali nyingi malipo ya mwanafunzi hupita euro 1,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kuna pia upishi, umeme, umekanika na kazi za hoteli.

Unachohitaji ni mkataba wa mafunzo kutoka kwa mwajiri, cheti chako cha KCSE kitathminiwe, na kwa kawaida Kijerumani cha B1. Mitihani ya lugha hufanywa Goethe-Institut, iliyo katikati mwa jiji la Nairobi. Usitarajie kutoka sufuri hadi B1 kwa miezi miwili kama bango fulani linavyodai. Watu wengi hula karibu mwaka.

Kwa mafundi wa jua kali, tatizo si ujuzi, ni karatasi. Unaweza kuwa umeunganisha stima ya nusu ya Githurai, lakini bila cheti, ubalozi hauna cha kusoma. Kenya ina mitihani ya ufundi ya NITA, na mamlaka ya KNQA inaongoza utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kuingia darasani. Cheti kimoja hakikupi visa mara moja, lakini ni ngazi ya kwanza. Kuanzia hapo unaweza kuongeza diploma kwenye chuo cha kiufundi.

Ukiwa na biashara

Hapa ndipo matapeli wanapokula kwa vijiko vikubwa, kwa sababu neno "visa ya mwekezaji" linasikika tamu. Wacha tuzichambue.

Uingereza ina visa ya Innovator Founder, iliyoanza Aprili 2023. Haina tena sharti la mtaji wa pauni 50,000 lililokuwapo awali. Lakini lazima wazo lako la biashara liidhinishwe na taasisi iliyoteuliwa na serikali yao, ambayo hulitazama kwa mambo matatu: ni jipya, linaweza kufanya kazi, na linaweza kukua. Tathmini yenyewe ni pauni 1,000, na baadaye kuna vikao vya ukaguzi vya pauni 500 kila kimoja. Kufungua kinyozi au duka la nguo za mitumba hakutapita. Programu ya simu inayotatua tatizo halisi na ambayo tayari ina wateja, hiyo itasikizwa.

Ujerumani hutoa kibali kwa anayejiajiri iwapo biashara yake ina manufaa kwa uchumi wa eneo husika na fedha zake zimeshapatikana. Kuna pia nafasi ya wanaofanya kazi huru za kitaaluma, kama vile wasanifu, waandishi, wakalimani na wahandisi, hasa wakiwa na wateja wa huko.

Marekani ina E-2, visa ambayo mwenye biashara ya kadiri anaweza kuimudu. Lakini hiyo ni kwa raia wa nchi zenye mkataba maalumu na Marekani, na Kenya haimo. Akija mtu kukuuzia E-2 ukiwa na pasipoti ya Kenya pekee, mpe soda aende zake. Iliyobaki ni EB-5, inayotaka uwekezaji wa angalau dola 800,000, yaani zaidi ya Sh100 milioni, pamoja na kuunda nafasi 10 za kazi. Mwenye kampuni imara Kenya anaweza pia kufungua tawi huko na kujihamisha kwa visa ya L-1. Ila tawi lenyewe litakaguliwa kama linafanya biashara kweli.

Kokote utakakoenda, wataomba kitu kimoja: ushahidi wa pesa imetoka wapi. Biashara inayoendeshwa mfukoni, bila usajili, bila rekodi za KRA na bila taarifa za benki, haionekani. Unaweza kuwa unaingiza Sh400,000 kwa mwezi kwenye Till, lakini kama vitabu havipo, mbele ya afisa wa visa wewe huna biashara. Kwa hiyo mwenye duka anayeota London aanze na mhasibu wa hapa hapa mtaani.

Kuna majuu ya karibu

Wengi hupuuza hii. Kenya, Uganda na Rwanda ziliondoleana ada za vibali vya kazi kwa raia wao, na tangu 2014 unaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho tu. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza kutekelezwa Julai 2010, linampa Mkenya haki ya kufungua biashara huko, ingawa kibali bado unakiomba. Kigali ina ofisi zinazotafuta watu wa teknolojia, uhasibu na hoteli. Kampala ina soko kubwa. Nauli ni ya basi tu, na ikikataa, unarudi nyumbani bila deni la milioni.

Dubai pia ina zaidi ya kazi za ulinzi na usafi. Anayefanya kazi mtandaoni kwa kampuni ya nje ya nchi hiyo, akipata angalau dola 3,500 kwa mwezi, anaweza kuomba kibali cha kuishi huko mwaka mmoja. Kuna pia Green Visa ya miaka mitano kwa wenye digrii na mshahara wa kuanzia dirham 15,000 kwa mwezi.

Pesa inaenda wapi hasa?

Tofautisha pesa unayolipa na pesa unayoonyesha. Unayolipa inajulikana. Pasipoti ya kurasa 34 ni Sh7,550, na cheti cha tabia njema kutoka DCI ni Sh1,050, zote kupitia eCitizen. Kisha kuna mtihani wa lugha, tathmini ya vyeti, ada ya visa na nauli. Uingereza ina gharama inayoshtua wengi: mchango wa huduma za afya wa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa visa, unaolipwa wote mara moja. Visa ya miaka mitano ni pauni 5,175, karibu Sh900,000. Wenye visa ya wahudumu wa afya hawaulipi.

Pesa unayoonyesha ni yako. Kwa Chancenkarte, mwaka wa 2025 ulihitaji euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka, karibu Sh2 milioni. Kwa kawaida huwekwa kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, kisha unafunguliwa kidogo kidogo kila mwezi ukiwa Ujerumani. Kanada nayo, tangu Julai 2025, inataka mtu mmoja aonyeshe dola 15,263 za Kanada, karibu Sh1.4 milioni.

Hapa ndipo ajenti anakuja na "suluhisho": anakukodishia pesa ya kuonyesha, au anakutengenezea taarifa ya benki. Usikubali! Kanada ikigundua udanganyifu inakufungia miaka mitano. Uingereza inaweza kukufungia miaka 10. Ajenti atabadilisha laini ya simu na kuendelea na maisha, lakini jina lililo kwenye rekodi ni lako.

Si kila ajenti ni mwizi. Wapo waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha yao unaweza kuitazama kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Lakini ajenti anayekimbia maswali, anayetaka pesa ipite kwa nambari ya kibinafsi ya M-Pesa, anayekwambia uende kwa visa ya utalii "halafu tutabadilisha ukifika", huyo ni moto. Mwaka wa 2025 kulikuwa na Wakenya waliookolewa kutoka kambi za utapeli wa mtandaoni nchini Myanmar. Walikuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand. Hakuna aliyepanda ndege akijua anaenda kufungiwa.

Anza na haya wiki hii

Hata kama safari ni ya mwaka 2028, kuna mambo ya kufanya sasa. Ombeni pasipoti mapema, nyinyi ambao bado. Hakikisha jina lako limeandikwa sawa kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, KCSE na digrii, kwa sababu herufi moja imezuia visa za wengi. Fuata nakala rasmi ya matokeo yako chuoni kabla msajili hajahamishwa. Omba barua ya kazi kutoka kwa kila mwajiri uliyemfanyia, yenye tarehe, cheo na majukumu. Kisha chagua lugha moja na uifuate hadi cheti.

Halafu chukua karatasi, uigawe mara mbili. Upande mmoja andika masharti ya visa moja unayoitaka, ukiyatoa kwenye tovuti ya serikali husika, si kwenye video. Upande wa pili andika ulicho nacho. Pale panapobaki wazi ndipo kazi yako ilipo. Pengine ni miezi minane ya Kijerumani. Pengine ni diploma, au mwaka mmoja wa vitabu safi vya biashara.

Masharti haya hubadilika kila mara. Waliokuwa wakitegemea kazi ya kutunza wazee Uingereza waliona mlango ukifungwa wakiwa bado foleni. Lakini cheti, lugha na uzoefu havifungwi na tangazo la waziri yeyote. Mlango mmoja ukigoma, unavibeba hadi kwa mwingine. Sh300,000 zikishaingia kwa simu ya ajenti, hazibebeki popote.